Wizara Ikisema, Isikie Pia
Tangu 2012, mjamzito nchini Tanzania aliweza kutuma neno MTOTO kwenda namba 15001 bila malipo, akaletewa ujumbe unaolingana na umri wa mimba yake: lini aende kliniki, dalili zipi ni za hatari. Huduma hiyo, Wazazi Nipendeni, ilionyesha kwamba simu ya kitochi inatosha kumfikia mtu. Kumsikiliza ni kazi nyingine. Afrika Kusini, ilipoanzisha huduma yake ya MomConnect mwaka 2014, iliweka na dawati la kupokea maswali na malalamiko ya akina mama kuhusu huduma za kituoni, na hapo ndipo tangazo hugeuka mazungumzo. Kurasa nyingi za afya za serikali huku kwetu bado zimejaa picha za waheshimiwa wakikata utepe (utepe hautibu mtu), huku maswali ya wananchi chini yake yakikosa jibu. Wahusika watasema wahudumu hawatoshi wodini, sembuse mtandaoni. Kweli, lakini maswali mengi hujirudia wala hayahitaji daktari, na namba ya bure ya wizara, 199, ipo tayari. Kikwazo, nadhani, si fedha tu: lalamiko la kukosa dawa likishaandikwa na kuwekwa tarehe, mganga mfawidhi hawezi tena kusema hakuambiwa.