Kompyuta ku reanimasio: ndiyo, lakini kwa mpangilio



Kila mara tukisema hospitali zetu zinahitaji kompyuta kwenye chumba cha wagonjwa mahututi, wakubwa wanatujibu tuanze na vitanda. Sisi tunataka vyote viwili, na tunasema juu ya nini.

Ku reanimasio, mugonjwa mumoja anafanyiwa mambo mengi kwa siku moja: mupira kwenye mushipa, mashine ya kupumulia, dawa za kuhesabu tone kwa tone. Muuguzi aliyekesha anaweza kuruka hatua, siyo juu ya ujinga, ni juu ya kuchoka.

Kule Salt Lake City, Marekani, hospitali ya LDS ilianza katika miaka ya 1960 kujenga mfumo ulioitwa HELP. Ulikuwa unasoma majibu ya labo na dawa za mugonjwa, halafu unaonya muganga kama havipatane. Baadaye Dkt Alan Morris na wenzake waliweka katika kompyuta hatua za kurekebisha mashine ya kupumulia. Kompyuta inapendekeza, muganga ao muuguzi anakubali ao anakataa. Hiyo tunaipenda. (Mamlaka ambayo hakuna mutu wa kuikatalia, sisi tunaijua vizuri.)

Lakini tusidanganywe na vyombo. Ku Michigan, reanimasio zaidi ya 100 zilipunguza maambukizi ya mipira ya mishipa kwa karibu theluthi mbili. Matokeo yalitangazwa mwaka 2006. Silaha yao kubwa ilikuwa orodha ya hatua 5: kunawa mikono, kujifunika vizuri, kusafisha ngozi kwa dawa, kukwepa mushipa wa paja, kuondoa mupira usiohitajika tena. Na muganga akiruka hatua, muuguzi alikuwa na haki ya kumusimamisha.

Orodha kama hiyo inaomba karatasi, maji na sabuni. Serikali iianzishe sasa, ku Goma kama ku Kinshasa, na impe muuguzi haki ya kusema simama. Kompyuta zifuate, pamoja na sola na betri zake. Umeme wetu munaujua: skrini ikizimika saa nane za usiku, nani atakumbuka dawa ya mwisho ilitolewa saa ngapi?

Mikataba ya kuzinunua itangazwe, bei na jina la muuzaji. Mwaka 2001, kule Abuja, viongozi wa Afrika waliahidi asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Wabunge wakifungua bajeti ijayo, tutawauliza: reanimasio iko ku mustari gani?