Utungo Usipotee Pamoja na Simu



Vijana wetu wa Kayanga, Nkwenda na Murongo hutunga kasida za Maulidi, wakazirekodi kwa simu na kuzipeleka kwa jamaa jioni ile ile. Jambo hili latufurahisha. Ila simu ikiibiwa, utungo nao umekwenda. Na Maulidi ya pili hapana mwanachuo aujuaye.

Natumtazame Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1947. Mwaka 1930 alianza kutoa Sahifa, karatasi ndogo ya Kiswahili, akihimiza elimu na kuwaonya watu wasiige mambo ya wageni kwa upofu. Mwaka 1932 akaipanua kazi yake kwa gazeti la Al-Islah, lililoandikwa kwa Kiswahili na Kiarabu. Lakini karatasi ni karatasi: leo yasomwa, kesho yafungiwa sukari dukani. Kwa hiyo lililo kubwa, kwa maoni yetu, ni kwamba makala za Sahifa zilikusanywa, na mwaka 1944 zikatoka kuwa kitabu, Uwongozi. Aliyezaliwa baada ya Sahifa kwisha naye akapata kuzisoma.

Basi kila chuo na kiwe na daftari moja nene, mlinzi wake mwalimu. Utungo uandikwe humo kabla ya kutumwa, pamoja na jina la mtungaji, awe binti au mvulana, na mwaka. Ulio wa Kinyambo uandikwe kwa Kinyambo, na tafsiri ya Kiswahili ubavuni.