Tuufundishe Msitu Kuanzia Chini

Mwanafunzi wa shule ya sekondari akiulizwa awataje mamalia watano wa nchi yetu, aghalabu atajibu bila kusita: simba, tembo, twiga, nyati na pundamilia. Jibu hilo si kosa, lakini ni jibu la mtu aliyefundishwa nyika peke yake. Ni nadra kumsikia akimtaja minde, funo, sange au panya buku, ijapokuwa huenda shule yake imejengwa chini ya mlima wanakoishi wanyama hao. Maoni yetu ni kwamba upungufu huu si jambo dogo. Wanyama waishio chini ya msitu ni miongoni mwa wapandaji wa miti yake, na mtu asiyewajua hawezi kutambua siku watakapotoweka.

Tuitazame milima ya Tao la Mashariki, iliyoanzia Taita katika Kenya na kupita Upare, Usambara, Uluguru hadi Udzungwa. Katika misitu ya mvua ya milima hii, majani ya miti mirefu huzuia karibu mwanga wote wa jua. Sehemu ifikayo ardhini ni ndogo mno, kiasi cha asilimia moja au mbili. Kwa hiyo nyasi hazistawi, na mnyama wa chini hana malisho kama yale ya nyika. Riziki yake huanguka kutoka juu: matunda yaliyoiva, mengine yakiangushwa na kima na ndege, pamoja na mbegu, maua na majani. Majani nayo yakioza huwa makao ya wadudu, ambao ni chakula cha wanyama wengine.

Maisha hayo yameliumba hata umbo la mnyama. Minde na funo, ambao ni jamaa ya paa, wana miguu mifupi, mgongo uliopinda na kichwa kinachoelekea chini, wapate kupenya vichakani kwa wepesi. Hawatembei kwa makundi makubwa. Minde hufikia uzito wa kilo 50 au zaidi, na porini hapatikani mahali popote duniani ila Tanzania. Juu ya hayo, ijapokuwa wataalamu walimpa jina la kisayansi tangu mwaka 1890, picha yake ya kwanza akiwa porini ilipatikana mwaka 2003, kwa kamera iliyofungwa mtini na kujipiga yenyewe mnyama apitapo.

Kamera za namna hiyo zilileta habari nyingine mwaka 2005. Katika msitu wa Ndundulu, Udzungwa, zilimnasa sange ambaye sayansi ilikuwa haijamjua: uso wa kijivu, kiuno cheusi, na uzito wa gramu 700 hivi, mkubwa kupita sange wote wanaojulikana. Mwaka 2008 alitangazwa rasmi kwa jina la Udzungwa. Sange, ambaye wengine humwita njule, hufukua majani makavu kwa pua yake ndefu akitafuta wadudu. Ukimwona utadhani ni ndugu wa panya, lakini uchunguzi wa chembe za urithi umeonyesha kuwa yu karibu zaidi na tembo, pimbi, nguva na muhanga. Je, liko somo la mageuko ya viumbe lililo bora kuliko hili kwa kidato cha nne?

Panya buku naye tunamdhania kuwa mwizi wa mihogo tu. Katika Usambara Mashariki uko mti uitwao msambu, ambao mbegu zake hukamuliwa mafuta. Tunda lake ni kubwa na zito. Upepo hauwezi kulibeba, wala ndege hawezi kulimeza. Likianguka hulala chini ya mti mama, mahali ambapo mche hauna nafasi nzuri ya kukua. Mbegu itasafiri iwapo tu mnyama wa chini ataichukua, na mmoja wa wachukuzi hao ni panya buku. Huzijaza mbegu katika vifuko vya mashavu yake, kisha huzificha ardhini kama akiba. Nyingi atazila, na hapo zimekwisha. Lakini zile alizozisahau zimekwisha kufukiwa, tayari kuchipua. Vivyo hivyo minde na funo huharibu mbegu nyingi kwa kuzitafuna, bali zilizo ngumu huzitema nzima wakati wa kucheua, mbali na mti zilikotoka.

Sasa tufikirie mtego wa waya. Hauna mlio wa bunduki, hauchagui mkubwa wala mdogo, na hutegwa katika njia zile zile ambazo wanyama hawa hupita kila siku. Watafiti waliutumia mtindo wa kamera kulinganisha msitu wa Mwanihana, ulio ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, na msitu wa Uzungwa Scarp, ambao wakati huo ulikuwa na ulinzi hafifu na uwindaji mwingi. Katika ule wa pili, wanyama wenye miili mikubwa walikuwa wachache zaidi. Hata hivyo, mpita njia angeitazama misitu yote miwili akasema ni ya kijani. Hapo ndipo ilipo hatari. Mti mkubwa huweza kuishi miaka mingi baada ya mpandaji wake kuuawa, na jicho huridhika na majani ilhali chini hakuna miche ya kuurithi mti huo.

Hatusemi kwamba mwanakijiji ategaye ni adui. Yeye hutafuta kitoweo, na nyumba isiyo na kuku wala mbuzi haiwezi kushibishwa kwa hotuba. Ufugaji lazima uende pamoja na ulinzi. Lakini kijana atakayekuwa kesho bwana misitu, diwani au mtegaji, leo yumo darasani mwetu. Ni haki yake kujua kinachopotea.

Baadhi ya walimu watasema muhtasari umejaa. Hatuombi somo jipya. Twaomba mifano mipya katika masomo yaliyopo. Wanafunzi walainishe udongo pembeni mwa shamba la shule jioni, na asubuhi wasome nyayo zilizopita. Waweke mbegu 20 chini ya mti wa matunda, wahesabu kila siku zilizochukuliwa, wachore grafu. Wawaulize wazee majina ya wanyama kwa Kisambaa, Kiluguru au Kihehe, wayaandike kabla hayajasahaulika. Wasiingie hifadhini bila kibali, wala wasimshike mnyama yeyote. Shule iliyo mbali na msitu inaweza kuanza na panya buku wanaofunzwa Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Mmoja wao, Magawa, alitunukiwa nishani ya dhahabu na shirika moja la Uingereza mwaka 2020, kwa kunusa mabomu yaliyotegwa ardhini nchini Kambodia.

Tumezoea kuufundisha msitu kwa kuinua macho: urefu wa miti, mvua inayonyesha, mito inayoteremka. Mambo hayo ni ya kweli na ya maana. Lakini mti mrefu ulikuwa mbegu, na yupo mnyama aliyeichukua mbegu hiyo akaifukia. Mwalimu atakayewainamisha wanafunzi wake waitazame ardhi atakuwa amewaonyesha mahali msitu unapoanzia.