Mficha Uchi Hazai, Dada

Jumapili hii nina neno na wewe dada wa Voi, Mwatate, Wundanyi au Taveta uliyewahi kusafiri mbali kwenda kuwekewa matiti bandia. Labda ulitaka urembo. Labda daktari alikurudishia umbo baada ya titi kukatwa kwa sababu ya saratani. Ukarudi nyumbani, ukanyamaza. Nakuelewa. Mji ni mdogo, na habari ikifika stendi ya matatu haikawii kufika Taveta.

Lakini kuna mahali pamoja ambapo siri hiyo haifai, nako ni chumba cha eksirei ya matiti. Mfuko wa silikoni hauruhusu miale ipite vizuri. Huziba sehemu ya nyama ya titi, na uvimbe mdogo unaweza kujificha papo hapo usionekane.

Dawa ya tatizo hilo ipo. Mwaka wa 1988, Daktari Eklund wa Marekani na wenzake walieleza njia ya kuusukuma mfuko nyuma kuelekea kifuani, huku nyama ya titi ikivutwa mbele ili ipigwe picha peke yake. Mwanamke mwingine hupigwa picha nne. Wewe kwa kawaida utapigwa nane. Kwa hivyo sema mapema, unapopanga siku ya kwenda, ili upewe mtu anayeijua kazi hiyo.

Usidhani matiti bandia yamekuondoa katika hesabu. Mwongozo wa Wizara ya Afya wa 2018 unashauri mwanamke wa miaka 40 hadi 55 apigwe eksirei kila mwaka, na wa miaka 56 hadi 74 kila baada ya miaka miwili. Ikiwa titi lote liliondolewa, upande huo kwa kawaida haupigwi eksirei, lakini titi lililobaki lisisahauliwe.

Ukigusa uvimbe, au chuchu ikitoa damu, usingoje umri wala mwezi wa Oktoba. Mwone daktari katika Hospitali ya Rufaa ya Moi pale Voi. Akikutuma Mombasa, nenda.

Nanyi akina baba na vijana mnaosoma ukurasa huu, acheni mzaha. Kicheko chenu ndicho kinachomfunga dada huyu mdomo.

Mficha uchi hazai. Mwambie daktari, hata kama hutamwambia mtu mwingine yeyote.