Mgeni Njoo, Mwenyeji Anyamaze

Wahenga waliposema mgeni njoo mwenyeji apone, walikuwa na nyumba akilini. Mgeni akibisha hodi, kuku aliyefichwa huchinjwa, mkeka mpya hutandikwa, na mwenyeji aliyekuwa akishindia muhogo mkavu hupata naye kitoweo. Lakini methali ile ina sharti ambalo halikutamkwa kwa kuwa kila mtu alilijua: mwenyeji yumo nyumbani mwake. Yeye ndiye afunguaye mlango, yeye ndiye asemaye karibu, na yeye ndiye aelezaye nyumba hii ilijengwa na nani, na kwa nini chumba kile hakiingiwi.

Utalii wa Tanzania umeishika methali na kulitupa sharti lake. Mgeni anakuja, tena kwa wingi. Mwenyeji yupo jikoni, yupo getini, yupo kwenye usukani. Ila kazi ya kuieleza nyumba imekwenda kwa wengine.

Na itazamwe jinsi nchi hii inavyonadiwa ughaibuni. Ni nchi ya makabila zaidi ya 120, yenye bahari na maziwa makuu, misikiti ya mawe, na majabali ya Kondoa yaliyochorwa na mikono ya watu wa kale. Wingi wote huo umechekechwa hata yakabaki majina matatu: Serengeti, Kilimanjaro, Zanzibar. Mnyama, mlima, mchanga. Majina hayo hayana kosa. Kosa ni namna yanavyosimuliwa. Simba hasemi, theluji haisemi, mchanga hausemi. Nchi iliyolea lugha inayosemwa na mamilioni ya watu imejitangaza kwa vitu visivyo na ulimi.

Katika mgawanyo huo Zanzibar imepewa kazi ya kitanda. Mgeni akishachoka na vumbi la mbuga na baridi ya mlima, huletwa kisiwani alale. Hahitajiwi kujua kitu. Kisiwa kilichokuwa na wanazuoni na watunzi, mahakama na magazeti, kimegeuzwa mahali pa kutofikiri.

Mfano ulio wazi ni Kizimkazi. Kila asubuhi boti hutoka pwani ya kijiji hicho kuwafukuza pomboo. Wageni hujitosa majini, wakapiga picha, wakarudi hotelini kabla ya adhuhuri. Hatua chache kutoka ufukwe wa Dimbani upo msikiti ambao katika kibla chake yamechongwa maandishi ya khati ya Kufi yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia. Jengo lenyewe lilijengwa upya baadaye, lakini maandishi yamebaki, na ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa yenye tarehe katika mwambao wote wa Afrika ya Mashariki. Mwaka huo Vasco da Gama alikuwa bado karibu miaka 400 nyuma ya upeo wa bahari. Watu wa Kizimkazi walikuwa wakisali, wakisoma na kuhesabu miaka yao. Hayo ndiyo ambayo jiwe linasema. Lakini Kizimkazi ya vipeperushi ni ya pomboo, na msikiti hutajwa mwishoni, kama kitu cha kutazama iwapo bahari imechafuka.

Hali hiyo hiyo imeikuta Kilwa Kisiwani. Mji huo, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, husifiwa kwanza kwa kuwa Ibn Battuta aliufikia mwaka 1331. Ni fahari, hapana shaka. Lakini husimuliwa kana kwamba Kilwa ilianza kuwapo siku mgeni alipoiona, na kana kwamba wanakijiji wanaoishi leo katikati ya magofu yale ni sehemu ya mawe.

Mjini Unguja nako, kijana atembezaye wageni huwasimamisha Shangani na kuwaambia kwamba Freddie Mercury alizaliwa Zanzibar mwaka 1946. Tangu 2019 ipo hata makumbusho yenye jina lake. Hakuna wa kumnyima mtu mahali alipozaliwa. Swali ni jengine: je, kijana huyo anaweza kusimama dakika kumi na kumsimulia Siti binti Saad? Huyu alizaliwa Fumba, binti wa watu maskini, akauza vyungu, akaingia mjini na sauti yake tu. Taarab ya kasri ilikuwa ikiimbwa Kiarabu. Siti akaiimba kwa Kiswahili, akaimba habari za wanyonge na hukumu za mahakamani. Mwaka 1928 alivuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri, na sauti ya mwanamke wa Kiswahili ikasikika majumbani mwambao mzima. Alifariki mwaka 1950. Shaaban Robert aliona maisha yake yanastahiki kitabu, akaandika wasifu wake. Fumba ya leo inajulikana kwa mji mpya wa nyumba za kuuza. Mgeni anayenunua nyumba huko huambiwa umbali wa kwenda uwanja wa ndege. Ni wangapi wanaoambiwa nani alifinyanga vyungu pale?

Ama kwa Makunduchi, yaliyoifika ni mabaya zaidi, kwa sababu huko mwenyeji anasema na bado hasikiwi. Kila Julai, siku ya Mwaka Kogwa, wanaume hupigana kwa makuti ya migomba na kibanda huchomwa moto. Wakati huo huo wanawake waliovaa vizuri hupita uwanjani wakiimba. Kamera zote huelekea kwenye mapigano na moshi. Nyimbo zile ndizo zilizobeba utani, lawama, mapenzi na kumbukumbu za mwaka unaoaga. Ndizo ambazo mshairi angezifuata kwa daftari. Mgeni huondoka akisema ameona ngoma ya ajabu ya watu wanaopigana kwa migomba, wala hana wa kumwambia kwamba hakuiona nusu iliyo bora.

Msomaji asidhani kwamba haya ni malalamiko ya visiwani peke yake. Pangani mgeni huonyeshwa boma na nyumba za zama za Wajerumani. Huenda akaambiwa kwamba Abushiri bin Salim alinyongwa katika mji huo mwezi wa Desemba 1889. Lakini vita vile vina shahidi aliyevitia katika utenzi: Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, mtunzi wa Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima. Mji una jengo la aliyeshinda na utenzi wa aliyeshindwa, na unaoonyesha ni jengo. Ukerewe, katika Ziwa Viktoria, aliishi Aniceti Kitereza, aliyekamilisha riwaya yake kubwa kwa Kikerewe mwaka 1945, ikangoja zaidi ya miaka thelathini ndipo ikachapishwa kwa Kiswahili alichokifasiri mwenyewe. Msafiri anayefika kisiwani humo huelekezwa kwenye mawe na mandhari ya ziwa. Mawe ni mazuri. Ila mawe yako kila ziwa; Kitereza yuko Ukerewe tu.

Wapo watetezi wa hali hii, na hoja zao zinastahiki kujibiwa kwa haki.

Hoja ya kwanza ni ya tumbo. Bei ya karafuu ilipoanguka, utalii ndio uliokuja kushika nafasi. Vijana wangapi wamejenga, wameoa na wamesomesha wadogo zao kwa fedha ya wageni? Ni kweli, na mwenye kuidharau hoja hii hajapata kulala na njaa. Lakini aliyesema kwamba maneno hayana thamani sokoni ni nani? Ufukwe mweupe unapatikana Maldives, unapatikana Mauritius, unapatikana Karibi. Anayeuza kile ambacho kila mtu anacho hulazimika kushindana kwa bei, na mshindani wa bei humaliza kwa kujipunja mwenyewe. Kibla cha Kizimkazi hakina ndugu Maldives.

Hoja ya pili ni ya lugha: kwamba mgeni hajui Kiswahili, basi ushairi utamfaa nini? Iran ina jibu. Huko Shiraz yapo makaburi ya Hafez na Saadi, na wageni wasiojua neno la Kifarsi huyaendea. Wanayaendea kwa sababu Wairani wenyewe wamejaa pale, wazee kwa watoto, wakisoma mashairi kando ya jiwe. Mgeni haelewi beti, lakini anaelewa kwamba watu hawa wana kitu wanachokipenda. Stratford-upon-Avon nako, alikozaliwa Shakespeare, si wote wafikao waliosoma tamthilia zake. Mgeni hufuata macho ya mwenyeji. Pale mwenyeji anapotazama kwa heshima, naye hugeuza shingo.

Na hapo ndipo penye kiini cha ugonjwa. Mgeni hatazami msikiti wa Dimbani kwa kuwa mwenyeji naye haupi jicho. Mtoto wa skuli mjini anaweza kumaliza masomo yake bila ya kupelekwa hata mara moja Kizimkazi, Fumba, wala Pemba walikotunga Kamange na Sarahani, mabingwa wawili waliojibizana kwa mashairi ambayo wazee wa Pemba hawakuyasahau. Baadaye mtoto huyo akiwa kijana hutafuta kazi ya kutembeza wageni, na hapo ndipo anapojifunza mji wake kwa mara ya kwanza, kutoka katika kitabu kilichoandikwa na msafiri aliyekaa wiki mbili. Hukariri majina ya masultani, bei ya watumwa na nyumba ya mwimbaji wa Uingereza, akayasema hayo mpaka akayaamini kuwa ndiyo yote. Jumba la mgeni limejengwa ndani ya kichwa chake. Huo ndio umaskini ambao hauonekani katika hesabu za mapato.

Hoja ya tatu ni ya dini na adabu, nayo ndiyo nzito kuliko zote. Wapo wazee wasemao: afadhali mgeni asijue, kwa maana akijua atakuja, na akija ataingia msikitini na viatu na kulifanya ziara letu sinema. Wazee hao wana haki. Si kila kitu ni kivutio, na nyumba isiyo na chumba kilichofungwa si nyumba, ni njia. Lakini jawabu la khofu hiyo si kunyamaza. Mwenyeji aliyenyamaza hawezi hata kusema hapa basi. Mwenye kuijua thamani ya msikiti wake ndiye awezaye kuweka sharti la mavazi, saa za kuingia, na mlango usiopitwa. Asiyeijua huweka kiingilio tu.

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultan Barghash mwaka 1883, iliporomoka likiwa katika matengenezo, na watu wawili wakapoteza maisha. Kilio kilisikika hadi ng'ambo. Lakini kingi katika kilio hicho kilikuwa cha kivutio kilichopotea: jengo refu, la kwanza kutiwa umeme na lifti, pambo la Forodhani. Wachache waliuliza ni habari gani zilizokuwa zikisimuliwa katika baraza zake, na ziko kwa nani sasa. Jengo huinuliwa tena kwa fedha na chokaa. Habari zilizokufa na wenyewe haziinuliwi kwa chochote.

Yanayotakiwa si makubwa. Vibao vya mahali pa kale viandikwe Kiswahili kwanza, kisha lugha nyengine, kwa kuwa kibao ni sauti ya mwenye nyumba. Anayepewa leseni ya kutembeza wageni atahiniwe pia katika washairi wa mahali pake, kama anavyopaswa kujua njia. Skuli zipeleke watoto Dimbani na Fumba kabla ya hoteli kupeleka wageni. Nyimbo za wanawake wa Makunduchi zirekodiwe na watu wa Makunduchi wenyewe, nao ndio waamue ipi ya kusikika na ipi ya kubaki kijijini.

Kalenga, karibu na Iringa, hakuna bahari wala theluji. Kuna nyumba ndogo yenye fuvu la Mkwawa, lililotajwa katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 na kurejeshwa mwaka 1954. Mgeni anayefika pale hakuti mandhari ya kupumzikia. Anakuta mwenyeji mwenye jambo la kumwambia, naye husimama akasikiliza.

Kizimkazi ina jambo la kusema tangu mwaka 500 Hijria, na jambo lenyewe limechongwa kwenye jiwe ili lisisahaulike. Waliolichonga walifanya kazi yao. Boti za asubuhi zitaendelea kutoka, na pomboo wataendelea kukimbia. Lakini mgeni atakaporudi pwani na kuuliza jengo lile ni nini, awepo mwenyeji wa kumjibu bila ya kufungua kitabu cha mtu mwengine. Hapo ndipo atakapokuwa amepona.