Sinia la Ndizi na Siku Tatu za Mahabusu



Ndugu wasomaji, Ijumaa moja baada ya sala mama mmoja alitufuata nje ya msikiti huku akilia. Mwanawe, kijana anayetembeza ndizi mbivu kwenye sinia, alikuwa amekamatwa asubuhi hiyo na mgambo kwa kuuza mahali palipokatazwa. "Sheikh wangu, leo Ijumaa," alisema, na maneno hayo yalitosha, kwani sote tulijua kwamba mahakama hazikai Jumamosi wala Jumapili. Juhudi za kumwekea dhamana hazikufua dafu. Jumatatu hakimu alimsikiliza kwa dakika chache, akampa onyo na kumwachia huru. Ndizi zilikuwa zimeoza, na sinia halikupatikana.

Tujiulize basi: kijana huyu aliadhibiwa na nani? Hakimu hakumfunga wala hakumtoza faini. Adhabu yake ilikuwa ni kule kukamatwa, nayo ilikwisha kutekelezwa kabla shauri halijasikilizwa. Hili ndilo tatizo la kuwakamata watu kwa makosa madogo ya barabarani. Mwenye kazi ya mshahara akilala mahabusu siku tatu huona aibu, lakini anayekula kwa jasho la siku hiyo hiyo hupoteza mtaji, na watoto wake hulala njaa.

Yapo makosa ya namna mbili ambayo aghalabu huchanganywa. Namna ya kwanza ni ya tendo, kama kutupa taka, kukojoa hadharani au kuziba njia ya waendao kwa miguu. Ya pili ni ya hali, nayo ni mtu kuonekana hana kazi, hana makazi, amesimama tu. Sheria ya uzururaji iliyotungwa Uingereza mwaka 1824, wakati askari waliorudi vitani walipokuwa wakitangatanga bila ajira, ilienezwa katika makoloni mengi. Vifungu vya 176 na 177 vya Kanuni ya Adhabu ya Tanzania vilirithi fikra hiyo, pamoja na habari ya mtu asiye na njia ionekanayo ya kujipatia riziki. Umasikini ukawa ushahidi wa jinai!

Huko Malawi mwaka 2015 mchuuzi mmoja alikamatwa alfajiri akienda kuuza mifuko ya plastiki. Mwezi Januari 2017 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilitamka kwamba kifungu kilichotumika dhidi yake ni kinyume cha katiba. Kisha tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo pale Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji zinakiuka Mkataba wa Afrika, na kwamba nchi zinapaswa kuzifuta au kuzirekebisha. Kwetu sisi Waislamu hili si geni. Surat al-Hujurat, aya ya 12, inatukataza kufuata dhana na kupelelezana, na kumkamata mtu kwa sababu anaonekana kama mwizi ni dhana tupu.

Makosa ya tendo ni mlango mwingine, na hapa hatukubaliani na wanaotaka kila kitu kiachwe. Bibi kizee aendaye hospitali ana haki ya kupita kando ya barabara bila kuruka mafungu ya nyanya. Wapo wanaosema kwamba dogo likiachwa huzaa kubwa. Hoja hiyo ilipata nguvu Marekani kwa makala ya James Q. Wilson na George Kelling ya mwaka 1982, na jiji la New York likaifuata kwa bidii. Mwaka 2014, katika jiji hilo hilo, mtu mmoja alikufa baada ya kukabwa na askari waliokuwa wakimkamata kwa shutuma ya kuuza sigara moja moja. Mwaka 2016 ilitangazwa kwamba watendao makosa kama hayo katika eneo la Manhattan, wengi wao wataandikiwa hati ya wito badala ya kutiwa pingu. Mwaka uliofuata mauaji katika jiji zima hayakufika 300. Hatusemi kwamba hati hizo ndizo zilizoyapunguza, bali kwamba jiji halikuporomoka.

Mfano ulio bora zaidi tunao kwetu. Bedui mmoja aliingia katika msikiti wa Mtume (S.A.W.) akaanza kukojoa humo. Kosa gani la hadharani lizidi hilo? Maswahaba waliinuka kumzuia, Mtume akawaamuru wamwache amalize. Kisha akaagiza ndoo ya maji imwagwe pale mahali, akamweleza yule bwana kwa upole kwamba misikiti haikuwekwa kwa ajili hiyo. Wanazuoni wamefafanua hekima yake: angekatizwa angedhurika mwili, na najisi ingeenea kwenye nguo zake na sehemu kubwa zaidi ya msikiti. Uchafu uliokuwa mahali pamoja ungesambazwa na wasafishaji wenyewe. Ndivyo tulivyoona kwa kijana wa ndizi: kosa lilikuwa pembeni mwa barabara, madhara yakafika jikoni kwa mama yake.

Hata muhtasibu, aliyesimamia masoko na njia katika dola za Kiislamu, kwa mujibu wa Imamu al-Mawardi alishughulika na maovu yaliyo dhahiri, hakuruhusiwa kuyachimbua yaliyofichika. Naye Imamu al-Ghazali alipanga daraja za kukataza maovu, akaanza na kumjulisha mtu kosa lake na kumnasihi. Mkono umewekwa mbali kabisa na mwanzo.

Kwa hiyo tunasema: uzururaji ufutwe katika orodha ya makosa. Kwa makosa ya tendo, mtu aelezwe, aandikiwe hati ya faini anayoweza kuilipa au asafishe alipochafua, na anayekaidi au kurudia rudia ndiye apelekwe mahakamani, siku ambayo hakimu yupo. Mwaka 2018 Serikali ya Tanzania ilianza kuwapa wafanyabiashara wadogo vitambulisho kwa shilingi 20,000, hatua iliyoonyesha kwamba mchuuzi anaweza kutambuliwa kabla ya kufukuzwa. Na halmashauri inayomkamata mtu kwa kukojoa ukutani ituonyeshe kwanza choo kilicho wazi usiku, kisichomdai ada asiye na senti mfukoni.

Kijana yule sasa anauzia ndizi kibarazani kwao, kwenye sinia la kuazima. Wateja ni majirani tu.