Uzee Hauvimbishi Vidole

Hapa Bujumbura mgonjwa wa viungo hukatizwa kabla hajamaliza kujieleza: "Mama, huo ni uzee." Goti likiuma, uzee. Vidole vikivimba, uzee. Atulie, apakwe mawese ya moto, amwombe Mungu. Nasema huo ni uongo, na unalemaza watu.

Katika soko la Ruvumera, pale Buyenzi, namfahamu fundi cherehani ambaye hajafika miaka 40. Asubuhi hawezi kufunga kifungo cha blauzi yake. Mkasi anaushika kwa mikono miwili mpaka saa nne, ndipo vidole vinalegea. Uzee gani huo?

Viungo vidogo vya mikono yote miwili vikivimba, tena vikikakamaa kila asubuhi kwa zaidi ya nusu saa, shukuni baridi yabisi: kinga ya mwili imegeuka na inashambulia utando wa viungo. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2019 watu milioni 18 waliishi nayo. Kwa kila 100, wanawake ni kama 70, na karibu nusu ya wagonjwa hawajavuka miaka 55.

Aliyeambiwa ni uzee haendi hospitali, anakwenda famasi. Anauziwa diclofenac na dexamethasone bila cheti cha daktari. Siku mbili tatu anatembea vizuri, majirani wanaisifu dawa. Miezi ikipita, dexamethasone inamvimbisha uso, inapandisha sukari, inadhoofisha mifupa. Diclofenac inamtia vidonda tumboni na kumwumiza figo, na kazi yake ni kutuliza tu. Kiungo kinaendelea kulika. (Aliyezoea dexamethasone asiiache ghafla, ni hatari. Aipunguze kwa maelekezo ya daktari.)

Dawa ya kuuzuia ugonjwa ipo, tena ya miaka mingi: methotrexate. Humezwa mara moja tu kwa wiki, kamwe si kila siku, pamoja na asidi ya foliki, na damu ikipimwa mara kwa mara. Ikianzwa mapema inaokoa mikono. Kidole kilichokwisha kupinda hakinyooshwi na kidonge.

Ndiyo, magoti mengi huchakaa kadiri miaka inavyosonga. Hata hapo, "tulia" ni ushauri mbaya. Msuli wa paja usiofanya kazi hunyauka, na goti linabaki bila wa kulisaidia. Mama akae kitini, anyooshe mguu, auache hewani kidogo, aushushe, arudie, kisha atembee. Na baba anayeamshwa usiku na kidole gumba cha mguu baada ya bia na mishikaki, huenda ana jongo, nalo lina dawa yake.

Ninyi watoto mnaotuma faranga za dawa ya maumivu kila mwezi, lipieni kwanza daktari na kipimo cha damu, iwe hospitali ya Kamenge au ya Prince Régent Charles. Na daktari akisema "ni uzee" bila kuvigusa vidole vya mama yenu, ombeni mwingine.